Sura ya Tisa: Shafti Nayo ni Breki

Nairobi imezoea kuligawa gari mafungu. Injini ina fundi wake, umeme una wake, breki zina wake, na shafti huhesabiwa kuwa kazi ya fundi wa chini, yule anayeshughulika na bushi na shokabzoba. Mgawanyo huu umewalisha watu na kuwafundisha vijana wengi kazi, na kwa magari ya zamani haukuwa na kasoro kubwa: shafti ilipokea nguvu kutoka kwenye giaboksi ikaipeleka kwenye gurudumu, basi. Gari linaloshushwa melini Mombasa leo ni jingine. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya hakiruhusu mtumba uliopita miaka minane, na ndani ya umri huo karibu kila gari dogo la Japani huja na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki zinapokanyagwa kwa nguvu, ambao Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz ya daraja la S. Hata magari yaliyoingia nchini miaka mingi iliyopita na ambayo bado yanapanda Waiyaki Way kila asubuhi, mengi yanao. Hoja ya sura hii ni moja. Shafti sasa ni sehemu ya breki, na taa ya ABS ikiwaka baada ya shafti kubadilishwa, chanzo kitafutwe kwanza kwenye shafti yenyewe na kila mahali mikono ya fundi ilipopita, kabla mtu hajanunua sensa wala kuilaumu kompyuta.

Ili kuona kwa nini, ni lazima kujua ABS inaishi kwa kitu gani. Inaishi kwa kuhesabu. Kwenye magari mengi, hasa Toyota za miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, kiungo cha nje cha shafti, kile ambacho mafundi hukiita CV, kimevalishwa pete ya chuma yenye meno. Pembeni yake, kwa nafasi ya kama milimita moja tu, imekaa sensa yenye sumaku na koili. Kila jino likipita mbele ya sumaku, koili hutoa mshtuko mdogo wa umeme, na kompyuta huhesabu mishtuko hiyo. Pete yenye meno 48, idadi inayopatikana kwenye Toyota nyingi, kwa gari dogo linalokwenda kilomita 60 kwa saa hutoa mishtuko zaidi ya 400 kila sekunde. Kompyuta hulinganisha hesabu za magurudumu yote manne. Gurudumu moja likianza kuzunguka polepole kuliko mwendo wa gari, maana yake linakaribia kujifunga, na hapo mfumo hulegeza breki ya gurudumu hilo na kuikaza tena mara nyingi kwa sekunde, mpaka dereva ahisi pedali ikitetemeka chini ya mguu.

Sasa tuseme pete iliyokuja na shafti mpya ina meno 44. Gari likienda 60, kompyuta itasoma gurudumu hilo kuwa linakwenda 55. Hiyo ni pungufu ya asilimia nane na zaidi kidogo, na ABS kwa kawaida huanza kuingilia kati gurudumu linapobaki nyuma ya mwendo wa gari kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa hiyo gari limekwisha kusogezwa hadi karibu na mpaka kabla dereva hajagusa chochote. Atakanyaga kidogo tu akikaribia matuta, na kompyuta itaona hatari ambayo haipo, ilegeze breki ya gurudumu ambalo lilikuwa salama kabisa. Kwenye baadhi ya magari taa itawaka baada ya mwendo mfupi kwa sababu hesabu hazilingani; kwenye mengine pedali itatetemeka bila taa yoyote. Na pete ikiwa haipo kabisa, sensa itatazama chuma laini na kukaa kimya.

Mtu atauliza: shafti isiyo na pete, au yenye meno tofauti, inafikaje kwenye gari? Hufika kwa urahisi mno, na jibu liko kwenye umbali uliopo kati ya duka na gereji. Spea nyingi za jiji zinauzwa Kirinyaga Road na vichochoro vinavyoizunguka, eneo ambalo watu bado wanaliita Grogan kwa jina la zamani la barabara hiyo. Kazi yenyewe hufanywa kwingineko, Kawangware, Kangemi, Dagoretti Corner, au kwenye gereji zilizopangana kando ya Ngong Road na Naivasha Road. Shafti ikianza kulia ta-ta-ta gari likikata kona, fundi huifungua, huipa boda boda iwe sampo, na boda boda huipeleka mjini. Kwenye kaunta muuzaji hulaza shafti mbili sambamba. Hulinganisha urefu, kwa kuwa shafti ya kushoto na ya kulia hazitoshani. Hupitisha ukucha kwenye splaini za ncha zote mbili akizihesabu, hushika kiungo na kukitikisa asikie kama kinacheza, kisha hutaja bei. Pete ya ABS wakati huo ipo pale pale, nyeusi kwa grisi na vumbi, na hakuna aliyeitazama. Kampuni zinazotengeneza shafti mpya za bei nafuu hutoa shafti ileile kwa namna mbili, yenye pete na isiyo na pete, kwa kuwa gari lilelile liliuzwa kwa namna hizo mbili. Kwa urefu na kwa splaini zote zinaingia. Fundi wa Kawangware atapokea kitu kinachoingia vizuri kabisa, gari litatembea, na kelele za kona zitaisha.

Hapa siwezi kumtupia mmoja lawama yote. Muuzaji hajawahi kuliona gari. Fundi hakuwapo dukani. Boda boda kazi yake ni kubeba. Kila mmoja amefanya sehemu yake kwa uaminifu na kosa limepita katikati yao. Lakini dawa yake haina gharama, na ndiyo maana naisisitiza: fundi asugue pete ya sampo kwa kitambaa na petroli, ahesabu meno, na amwandikie muuzaji idadi hiyo kwa wino kwenye shafti yenyewe au kwenye ujumbe wa simu, pamoja na kipenyo cha pete. Muuzaji naye ahesabu kabla ya kufunga mzigo. Shafti za eksi-Japani, yaani zilizokwisha kutumika huko, zina jambo la ziada la kukagua. Sehemu za Japani zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chuma. Kutu ikijijenga chini ya pete huisukuma kwa nje mpaka pete ipasuke, na mpasuko wake mara nyingi ni mstari mwembamba kama unywele uliojificha kati ya meno mawili. Kidole hakiuhisi mpaka pete isafishwe.

Kuna wanaohamisha pete ya zamani na kuipigilia kwenye shafti mpya. Inawezekana, na siipingi, ila kuna masharti ambayo nyundo haiyajui. Pete ni lazima ikae kwenye kimo kilekile cha mwanzo, ili meno yasimame mbele ya sensa, na ikae sawa pande zote. Ikiinama hata kidogo, nafasi kati yake na sensa itakuwa inapanuka na kubana kila mzunguko, na kompyuta itapokea hesabu yenye mawimbi. Pete nyingi ni chuma cha unga kilichoshindiliwa, kisicho na subira ya kupigwa upande mmoja.

Tukiiacha pete, bado kazi yenyewe ya kubadilisha shafti inapita karibu mno na sensa. Ili shafti itoke, nati kubwa ya katikati hufunguliwa, kiungo cha chini huachanishwa, na chuma kinachobeba gurudumu huvutwa kwa nje. Waya wa sensa umefungwa kwenye chuma hicho na kwenye shoki kwa vibano vidogo. Fundi akisahau kuvifungua, waya ndio unaovutwa, na shaba ndani yake inaweza kukatika huku mpira wa nje ukibaki mzima. Akivifungua asivirudishe, waya utaning'inia na kulambwa na tairi kila usukani unapokatwa. Sensa yenyewe ikiwa imekaa miaka mingi hushikwa na kutu kwenye tundu lake, na anayejaribu kuichomoa kwa bisibisi mara nyingi huivunja kichwa. Ncha ya shafti hupigwa nyundo ili iachane na habu, na chembe za chuma zinazotoka hapo hunaswa na sumaku ya sensa, zikachanganyika na unga wa breki na vumbi jekundu la Dagoretti. Nati nayo ina kiasi chake cha kukazwa, ambacho kwenye Corolla nyingi ni Newtoni mita 216. Ikikazwa kwa kukisia, habu inaweza kucheza, na habu ikicheza sensa haiko tena kwenye umbali wake.

Magari mapya zaidi yana mtego mwingine. Pete ya chuma imeondolewa, na badala yake sili ya beringi ya gurudumu imepakwa utepe wa sumaku wenye ncha za kaskazini na kusini zilizopishana. Jicho halioni kitu. Ni sili nyeusi kama nyingine. Wengi hubadilisha beringi wakati huohuo wa shafti, na beringi ikishindiliwa kinyume, upande wa sumaku ukatazama nje badala ya kutazama sensa, taa itawaka hata kama kila kipande ni kipya na halali. Kibanio cha karatasi kinatosha kutofautisha: upande wenye sumaku hukivuta, wa pili haukivuti. Na beringi ya namna hii isilazwe juu ya spika wala sumaku ya kuokotea nati, kwa sababu mpangilio wa utepe ule huharibika.

Ushahidi ulio bora kuliko wote katika uchunguzi ni wakati: taa inawaka lini? Jambo hili linadharauliwa, na kwa maoni yangu linazidi nusu ya mashine zinazokodishwa mjini kusoma magari. Ufunguo ukiwashwa, taa ya ABS huwaka sekunde chache kisha huzima. Huo ni ukaguzi wa kawaida. Isipozima kabisa, gari likiwa limesimama, basi kompyuta imepima njia ya umeme na kuikuta imekatika au imegusana. Hapo tazama waya na plagi; pete haina hatia, maana gurudumu halijazunguka hata mara moja. Taa ikizima, gari likaondoka, kisha ikawaka baada ya mita chache au gari linapofika mwendo wa kilomita 10 au 20 kwa saa, umeme ni mzima lakini hesabu haiji au haifanani na za wenzake. Hapo ndipo pete iliyokosekana, meno yasiyolingana na beringi iliyogeuzwa hujitokeza. Na kama taa haiwaki ila pedali inagonga mguu gari likiwa karibu kusimama kwenye mwendo wa mtu anayetembea, ishara imekuwa dhaifu. Sensa za koili hutoa umeme mdogo zaidi gurudumu linapozunguka polepole, hivyo uchafu, mpasuko wa pete au nafasi iliyozidi huonekana kwanza mwendo unapokwisha. Kompyuta huona gurudumu limesimama ghafla kabla ya mengine, na hulegeza breki mahali ambapo haikutakiwa.

Kipimo cha volti cha kawaida kinathibitisha yaliyobaki. Sensa ya koili iliyo nzima huwa na ukinzani wa ohm mia kadhaa hadi elfu mbili na kitu, na dawa nzuri kuliko kukariri namba ni kulinganisha ya kushoto na ya kulia. Kisha weka kipimo kwenye volti za AC, inua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono: namba itapanda na kushuka na mwendo wa mkono. Upande mmoja ukitoa nusu ya mwenzake, au sindano ikidunda mahali palepale kila mzunguko, pete ina jambo. Sensa za kisasa zenye umeme wake hazipimwi ukinzani hivi, na anayelazimisha anaweza kuziua. Hizo husomwa kwa mashine gari likitembea.

Pingamizi la kwanza la mafundi ni kwamba wamebadilisha sensa mara nyingi na taa ikazima, kwa hiyo sensa ndiyo huharibika. Ni kweli kwamba sensa hufa. Lakini gari lililoingia gereji taa ikiwa imezima na likatoka ikiwaka limetupa habari ambayo gari jingine halina: kilichobadilika kinajulikana. Kuanza na sensa ni kutupa habari hiyo. Tena sensa mpya huja na ncha safi, waya mzima na plagi iliyokazwa vizuri, hivyo mara nyingine inayotibu ni usafi na kukaza kulikofanyika wakati wa kuivalisha, na mwenye gari amelipia kipande ambacho hakikuhitajika.

Pingamizi la pili ni la vifaa: fundi wa kando ya barabara hana mashine, na kile kisomaji kidogo cha bei nafuu kinachounganishwa na simu kwa kawaida husoma injini pekee. Kwa Toyota nyingi za Japani jibu limo ndani ya gari. Kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, yenye tundu 16, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umezimwa, tundu la 4 na la 13 huunganishwa kwa kipande cha waya, kisha ufunguo huwashwa na taa ya ABS hupepesa msimbo. Mipepeso mitatu, kimya kidogo, kisha mmoja ni 31, gurudumu la mbele kulia. 32 ni mbele kushoto. 33 na 34 ni ya nyuma, kulia na kushoto. Tundu la 16 lina moto wa betri na lisiguswe. Kasoro ikishatengenezwa, waya ukiwa bado pale, pedali ya breki ikikanyagwa mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano, kumbukumbu hufutika. Nasema ikishatengenezwa, kwa sababu kufuta pekee ndiyo huduma inayouzwa sana. Msimbo uliofutwa na chanzo kikabaki utarudi kwenye mita za kwanza za barabara, na usiporudi siku hiyo utarudi mvua itakapoingia kwenye plagi.

Pingamizi zito kuliko hayo ni la madereva: gari linasimama bila ABS, wazazi wetu waliendesha bila ABS, kwa hiyo taa ni taa tu. Nusu ya kwanza ni kweli. Breki za kawaida hubaki, na kwenye barabara ya changarawe iliyolegea gari lenye ABS linaweza hata kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama, kwa kuwa gurudumu lililojifunga hukusanya kokoto mbele yake. Lakini gari la wazazi wetu lilikuwa na vali ya kimakanika iliyopunguza nguvu za breki za nyuma, ili nyuma isijifunge kabla ya mbele na gari likajizungusha. Magari mengi yenye ABS hayana tena vali hiyo. Kazi yake imekabidhiwa kompyuta ileile inayohesabu meno. Sensa moja ikikosekana, magari mengi huendelea kugawa nguvu kwa kutumia zilizobaki, na hilo ni jema. Taa nyekundu ya breki ikiungana na ile ya njano ya ABS, mgawanyo huo nao umesimama, na dereva yuko na gari lenye ulinzi pungufu kuliko lile la mwaka 1985. Kwenye magari yenye udhibiti wa kuteleza, huo pia hufungwa, kwa kuwa unategemea hesabu hizo hizo. Mteremko wa kutoka Kangemi kuja Westlands, mvua za kwanza za Machi zikiwa zimeinua mafuta na vumbi juu ya lami na matatu imesimama ghafla mbele, ni mahali ambapo dereva anahitaji kukanyaga na kukata usukani kwa pamoja. Gurudumu lililojifunga halikati kona, hata usukani uzungushwe kiasi gani.

Linabaki suala la muda na pesa. Fundi atasema mteja anasubiri, na hatalipia nusu saa ya kuhesabu meno. Lakini shafti isiyo sawa itafunguliwa tena: nati ileile, kiungo kilekile, na oili ya giaboksi itamwagika mara ya pili, huku duka likikataa kupokea shafti iliyokwisha kupakwa grisi. Hesabu ya meno kwenye kaunta ni ya dakika chache. Mteja naye ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kulipa: pete ya zamani ina meno mangapi, na ya mpya ina mangapi. Kisha gari litolewe kwenye barabara tulivu, lifikishwe kilomita 40 kwa saa, lisimamishwe taratibu mara kadhaa, na mguu usikilize pedali hadi mita ya mwisho, fundi akiwa amekaa kiti cha abiria na taa zote za dashibodi zikiwa zimezima.